Wakati Usiosemwa

Kwetu Ipogolo, pale Iringa, mimi ndiye niliyeitwa Mfaransa. Sijawahi kufika Ufaransa, wala Burundi, wala hata kuvuka pale Tunduma kwenda kushangaa Zambia kama wenzangu. Nilisoma Kifaransa miaka minne kwa masista, nikapata alama nzuri kuliko darasa zima, halafu nikaja Mbeya kuuza mchele sokoni Mwanjelwa. Kwenye mchele Kifaransa hakina kazi. Lakini jina lilibaki, na mimi, niseme ukweli, nililipenda.

Sista aliyetufundisha alikuwa mtu wa hukohuko Iringa, Mhehe kama sisi, aliyepelekwa na shirika lake kusoma nje akarudi na lugha. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi imekaa hadi kwenye madawati, alitusimamisha na kutuimbisha kitenzi cha "kuwa" kwa ule wakati wa vitabuni: je fus, tu fus, il fut, nous fûmes, vous fûtes, ils furent. Ile u yao ilitushinda. Tulisema fi, fi, fi. "Kunjeni midomo kama mnapuliza uji," alisema, nasi tukapuliza, wasichana arobaini wenye sweta za bluu tukipuliza uji ambao haukuwepo. Nilicheka hadi nikatolewa nje. Lakini mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuiweza.

Wakati huo wanauita passé simple, yaani uliopita ulio rahisi, na huo ni uongo mtupu. Kiswahili kinakupa "li" moja, unaibandika kwenye kitenzi chochote, unaenda zako. Huu wao kila kitenzi kina tabia yake, na kitenzi kikishabadilika humjui tena mama yake. Sista alituelewesha kwa Kihehe. Kihehe kina wakati uliopita zaidi ya mmoja: kuna wa leo asubuhi, kuna wa jana, kuna wa zamani kabisa, na mtoto wa miaka mitano hauchanganyi. Huu, alisema Sista, ni kama ule wetu wa zamani, ila wenyewe hawausemi kwa mdomo. Unaandikwa tu. Nikaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: Wakati wa maandishi. Heshima. Kama Sista alisema na neno jingine baada ya hapo, sikulisikia, au nililisikia nikaona halina alama kwenye mtihani. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kimeniuma. Sikumbuki.

Tulizaliwa wawili. Kaka yangu ni dereva wa malori. Naandika "ni" na najua ninachofanya, mniache. Alipeleka mizigo kutoka Dar hadi Kongo, kwenye miji ya machimbo ya shaba, na kila alipopita Ipogolo alipiga honi mara tatu ili barabara nzima ijue kwamba mama yetu ana mtoto. Safari ile alipiga honi kama kawaida, jioni akanipigia simu kutoka Igawa, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma. Akasema Mbeya hasimami, amechelewa, na kwamba mchele wangu wa mara ya mwisho ulikuwa na mawe ya kutosha kujengea msingi. Nikamtukana. Baada ya wiki mbili simu yake haikupatikana. Waliomwajiri wakasema lori limekutwa kule Kongo, mji wa mwisho wa safari yake, limeegeshwa vizuri, funguo kaachiwa mlinzi, na dereva hayupo. Hapakuwa na ajali wala damu, wala mtu aliyemwona akiondoka. Hayupo, basi.

Tulipeleka taarifa kila mahali ambapo taarifa hupelekwa. Tulijibiwa kwamba wanafuatilia. Miezi saba ilipita hivyo. Mama aliacha kulala. Nilipokwenda Ipogolo nilimkuta amekaa kitandani na khanga mabegani, anasikiliza malori yakishuka mlima, na uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Siku moja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yetu, akasema katika kumfariji, "Shemeji, yule kijana alikuwa mpole sana."

Mama akaweka mwiko chini. "Nani alikuwa? Sema ni mpole."

"Ni mpole," baba mdogo akasema.

Kuanzia siku hiyo neno "alikuwa" lilipigwa marufuku nyumbani kwetu kwa habari za kaka. Aliyekosea alirudia sentensi yote. Mimi ndiye niliyekuwa askari mkali kuliko mama mwenyewe. Nilimkatiza hata katekista.

Ni baba mdogo aliyeleta wazo la barua. Kaka alikuwa ametusimulia kwamba mji ule una parokia ambayo padri wake anawaruhusu madereva wa Tanzania kuingiza malori uani na kupumzika Jumapili. "Mwandikie huyo padri," baba mdogo akaniambia. "Si una Kifaransa? Au ile ada tulilipa bure?" Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuwa nimetazamwa siku nyingi, kama mtu mwenye msaada.

Barua ilikuwa ipelekwe na dereva mmoja, rafiki wa kaka. Alinikuta kibandani kwangu Mwanjelwa nikiwa nimeinama juu ya gunia, karatasi zimezagaa, natafuna kalamu.

"Dada, andika tu Kiswahili," akasema. "Kule Kiswahili kipo. Chao kinachekesha, lakini wanaelewa."

"Barua ya padri si meseji ya mpakani," nikamjibu, tena kwa ukali, wateja wakageuka. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Siku ile mdomo na mkono vilifanya kazi pamoja.

Niliandika siku mbili, rasimu nne. Nilitaka padri aone kwamba familia hii imesoma. Barua ni maandishi, nikajiambia, na padri ni mtu wa heshima, kwa hiyo nikautoa wakati wa maandishi kabatini kama watu wanavyotoa nguo za Pasaka, nikiamini kwamba kwenye barua fut ni "ni" ileile iliyovaa vizuri. Mon frère fut chauffeur. Kaka yangu, dereva. Il eut trente-quatre ans. Umri wake. Il fut grand, il aima sa mère. Urefu wake, na kwamba anampenda mama. Kisha nikataka kusema kwamba alikuwa akipumzika hapo parokiani, nikaandika il reposa chez vous. Mwisho nikaomba: tafadhali, tusaidieni, tunataka kujua mahali alipo. Kila kitenzi nilikihakikisha kwenye daftari langu la shule, ambalo nilikuwa nimelitunza miaka yote hiyo. Hapakuwa na kosa hata moja la tahajia. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe. Nilimsomea jirani yangu anayeuza dagaa, ambaye hakuelewa neno, akasema inasikika vizuri.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, bahasha yenye muhuri wa parokia. Mama alikuwa amesema isifunguliwe mpaka yeye awepo, kwa hiyo nilifunga kibanda nikapanda basi la Iringa siku ileile, bahasha iko ndani ya blauzi. Nilifika saa kumi. Tulikaa sebuleni watatu, mama, baba mdogo na mimi. Nilisoma nikitafsiri hapohapo, kwa haraka, maana mama alikuwa amelishika goti langu na alikuwa ananiumiza.

"Nimepata kwa masikitiko makubwa habari za kifo cha kaka yako," nikasoma.

Nadhani nilikuwa nimeshaisema sentensi yote ndipo nikaielewa. Mama hakupiga kelele. Alisema "ee" moja fupi. Nikaendelea kusoma kwa sababu sikujua cha kufanya kingine. Padri alisema amewauliza waumini wake na hakuna anayelijua kaburi lake. Alisema Jumapili wamemwombea apumzike kwa amani. Alitutia moyo kwa imani. Baba mdogo alikuwa ameshasimama, ameshika kichwa, na majirani walikuwa wanaingia.

Msiba ulikuwa mkubwa. Sufuria ziliazimwa hadi ng'ambo ya barabara, kwaya iliimba siku tatu, na kwa kuwa hapakuwa na mwili, ibada ilisomwa mbele ya picha yake ya leseni iliyokuzwa hadi pua ikapoteza umbo. Tulichomeka msalaba pembeni ya kaburi la baba. Siku ya kuanua matanga nguo zake ziligawiwa. Koti lake la kijani akapewa baba mdogo, na linambana. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini msibani hakuna anayeuliza. Hakuna aliyesema: na huyo padri, yeye kaambiwa na nani?

Kisha mama akalala. Hilo lazima niliseme, kwa maana bila hilo mambo mengine hayaeleweki. Usiku wa tatu baada ya matanga alilala hadi jua likatoka, na shangazi zangu wakawa wanatembea kwa kunyata wasimwamshe. Alianza kula. Alinenepa kidogo mashavuni. Akaanza kutusimulia habari za kaka za utotoni, jinsi alivyokuwa akiogopa bata, jinsi alivyokuwa akificha ugali wa moto mfukoni akaungua paja, habari ambazo miezi saba hazikuwa na njia ya kutoka. "Alikuwa mtundu huyo," alisema, akacheka, akajifuta macho. Mimi nilirudi Mbeya nikiwa nimevunjika, lakini nilijua kwamba mama amepona kadiri anavyoweza kupona.

Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. "Yule padri hatujamshukuru," akasema. "Mtu ametuombea marehemu wetu, sisi kimya kama wapagani. Mwandikie."

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, Mwanjelwa hakuna mteja. Nilitoa barua ya padri ili nione alivyojiita nimjibu kwa cheo chake. Nikaisoma polepole kwa mara ya kwanza, maana tangu siku ile nilikuwa sijathubutu. J'ai appris par votre lettre. Nimepata habari, par votre lettre, za kifo cha kaka yako.

Kwa barua yako.

Maneno matatu. Siku ile nilikuwa nimeyaruka, nikidhani ni ule utangulizi wa kawaida wa barua, nimepokea barua yako na kadhalika. Niliisoma sentensi ile mara nyingi, nikitafuta maana nyingine. Sikuipata. Nikatoa lile daftari la shule, nilimokuwa nimehifadhi rasimu zangu. Il fut, il eut, il aima. Nilizisoma kama padri alivyozisoma, mtu asiyenijua, amepokea karatasi kutoka nchi nyingine. Alikuwa dereva. Aliishi miaka thelathini na minne. Alikuwa mrefu. Alimpenda mama yake. Amepumzika kwenu, tusaidieni, tunataka kujua mahali. Hata mtoto wa darasa la tatu angejua anachosoma. Ni tangazo la kifo. Nililitunga mimi, kwa mwandiko mzuri, nikalituma Kongo, nao wakanirudishia na pole juu yake, nasi tukachinja ng'ombe.

Nililia hapo juu ya magunia mpaka yule wa dagaa akaja kuniuliza nani amekufa.

Juu ya karatasi ya parokia palikuwa na namba ya simu. Ilikuwepo siku zote hizo. Nilijipanga sentensi za Kifaransa kwenye karatasi, nikapiga, na sauti ya mzee ikapokea. Nilianza kusoma sentensi zangu, nikakwama kwenye ya pili. Akasema kwa upole, "Mama, sema tu Kiswahili. Miye nasikia."

Basi nikasema Kiswahili. Nilimweleza yote kwa dakika mbili, na alinielewa neno kwa neno.

"Lakini ni weye uliandika kama alisha kufa," akasema. "Shiye tulisoma, tukamulilia. Miye sikumuona uyu muntu, mama. Kumbe ni muzima?"

"Sijui, padri."

Nilimsikia akivuta kiti akaketi, salio langu likienda. "Nitauliza tena batu," akasema mwishoni. "Na nitaomba. Ila sijui sasa niombe namna gani."

Aliuliza kweli; alinipigia mwenyewe baada ya wiki mbili. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemzika pia. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa amerudi palepale alipokuwa kabla sijashika kalamu, hajafa wala hajapatikana, na tofauti pekee ni kwamba sasa alikuwa na msalaba Ipogolo.

Nilikwenda kumwambia mama. Njia nzima, kutoka Mbeya hadi pale basi linaposhusha Ipogolo, nilikuwa najiambia kwamba ni haki yake, kwamba mzazi hawezi kuachwa amwombee kama marehemu mtu ambaye pengine yuko mahali anaumwa, amefungwa, amepoteza akili. Lakini nisijifanye mtakatifu. Nilitaka pia kugawana mzigo. Sikuweza kuubeba peke yangu hata wiki moja zaidi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, akaniuliza mchele unakwendaje. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote, tangu fut hadi reposa, hadi simu ya padri. Hakunikatiza. Alitoa punje mbovu, akatupa, akatoa nyingine, akatupa.

"Kwa hiyo amekufa au hajafa?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Padri anajua?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

"Hakuna."

Akaendelea na maharage. Nilianza kumwomba msamaha, nikasema ni ujuaji wangu, ni kiburi, kwamba nilishauriwa niandike Kiswahili nikakataa. Aliinua mkono ninyamaze.

"Wewe mtoto," akasema, "ile miezi saba wewe ulikuwa Mbeya. Ulikuwa unalala. Mimi nilikuwa hapa. Lori likipita naamka, lisipopita naamka. Nilikuwa nakufa, hamkuona tu. Sasa mimi nimeshazika. Nimelia mbele ya watu, nimegawa nguo. Unataka nimfufue, halafu nikae tena kwenye kitanda nisikilize barabara?"

"Anaweza kuwa hai, mama."

"Akiwa hai atakuja. Mlango anaujua." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kuomba, na sijawahi kumsikia mama yangu akiniomba kitu. "Nani mwingine umemwambia?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie."

Nilimwahidi. Ningefanya nini? Nilimuua mwanawe kwa sarufi, siwezi kumuua na yeye kwa ukweli. Alinipa ungo nimalizie, akaenda kuwasha moto.

Watu wanafikiri jambo baya kuliko yote ni kufiwa. Mimi namwonea wivu aliyefiwa. Tangu siku ile kaka yangu yuko hai kwangu peke yangu, na siruhusiwi hata kumtafuta, kwa sababu nikimuuliza dereva yeyote hapa Mwanjelwa, kesho yake habari iko Ipogolo. Ikiingia simu ya namba ya Kongo naenda kupokelea nyuma ya kibanda, na huwa ni mtu wa mchele. Rafiki yake kaka, yule aliyebeba barua, akipita ananipa pole mpaka leo, nami naipokea. Padri hapigi tena. Nadhani anaona haya, au ameona mimi ndiye wa kuona haya, na yuko sahihi. Nilichoma lile daftari. Haikunisaidia kitu; vitenzi vyote ninavijua kwa moyo, vinakuja vyenyewe nikipima mchele, fut, fut, furent, na sina wa kumlalamikia.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali, presha ilikuwa imepanda. Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu, anajaza fomu huku anamtania mama kwamba hajazeeka. Akauliza jina, umri, dini. Akauliza, "Umezaa watoto wangapi, mama?"

"Wawili."

"Walio hai?"

Mama aligeuka akanitazama mimi, na alinitazama mpaka muuguzi naye akainua kichwa.

"Mmoja," nikasema.

Muuguzi akaandika.